Sentensi ya Pili ya Mabula

Jumatatu, 2 Juni 2025

Generoza amekuja! Nilidhani hatakuja. Alikaa karibu na cherehani, mkoba mapajani, akinitazama napaka tope kwenye gunia. Akauliza kwa nini naharibu gunia zima. Nikamwambia hii ni picha—ya udongo wa machimboni, nguo za waliofia humo, na maneno yao nimeyashona kwa uzi. Kila marehemu ana gunia lake, na kwenye maonyesho watu wa Tarime wayasome, na wayaguse.

Akafungua mkoba. Shati la kazi la mumewe, Mabula, limekakamaa kwa tope. Na simu. Ujumbe wake wa mwisho, asubuhi ile ya Machi shimo lilipobomoka:

"Maji yanaingia chini. Msimamizi anasema tushuke tu. Nikipanda nakupigia."

Shona yote, akasema. Hakulia. Niliyelia ni mimi, nikasingizia vumbi.

Jumatano, 4 Juni

Nimemaliza. Uzi mwekundu, mishono minene. Ukipitisha mkono unaisikia kila herufi. Vidole vinauma!

Alhamisi, 5 Juni

Godwin kaja. Ndiye aliyekuwa msimamizi wa shimo lile. Nilitegemea ukali—kaja na sauti ya chini, kofia mkononi. Kasoma ujumbe. Kaweka kidole kwenye neno Msimamizi.

"Dada Shamsia, sikatai. Lakini Happy wangu yuko darasa la sita. Anasoma kila kitu, hata magazeti ya kufungia maandazi. Toa sentensi hiyo moja tu."

Alipoondoka nikachukua wembe. Nimefumua maneno manne. Namhurumia mtoto. Au naogopa? Sijui. Sijisikii vizuri.

Jumamosi, 7 Juni. Idd

Wageni, pilau, kelele. Kaka Swaleh anasema nimefanya la maana kuyatoa, mji wenyewe mdogo huu, tunaishi na watu. Nikafurahi kuambiwa hivyo.

Saa tisa Generoza akaja kunipa mkono wa Idd. Akaenda moja kwa moja kwenye gunia. Akapitisha kidole.

"Umeyatoa."

"Nimeyatoa. Nilimwonea huruma mtoto wa Godwin."

"Na wangu?"

Akaniambia mwanawe anauliza kila siku, baba alishukaje shimoni na maji anayaona? Na huko kwao Sengerema hata mama mkwe anaamini Mabula aliponzwa na tamaa ya dhahabu. "Sentensi hiyo ndiyo inayomtetea, Shamsia. Hana nyingine."

Aibu mpaka masikioni. Nikatunga uzi kwenye sindano mbili. Mwekundu ulikuwa umeisha, tukatumia mweupe. Yeye kaanzia mwisho, mimi mwanzo. Pilau ikapoa. Mishono yake imepinda, na nimeiacha hivyo hivyo.

Ijumaa, 13 Juni

Nimekwenda mwenyewe kwa Godwin kumwambia maneno yamerudi, asije akashtukia mbele za watu. Alikuwa anapasua kuni. Akasema, "Haya." Akaendelea kupasua.

Kesho maonyesho.

Jumamosi, 14 Juni. Ukumbi wa kata

Naandika nimesimama, nyuma ya mlango. Watu wengi! Wachimbaji wamekuja na buti zao. Wanayagusa magunia taratibu, kama wanamgusa mgonjwa.

Ningeapa Godwin hatakuja. Kaja. Kavaa shati la kanisani, kamshika Happy mkono. Wakapita gunia moja moja mpaka la Mabula. Mtoto akasoma kwa sauti, kidole kwenye uzi. Akafika kwenye mweupe. Akarudia.

"Baba, msimamizi wao alikuwa nani?"

Waliokuwa karibu wakamgeukia Godwin. Nikaomba Mungu asidanganye—na nikaomba Mungu adanganye, yule mtoto mdogo jamani!

Godwin akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Ni mimi, mama."

Happy hajalia. Anamwangalia tu. Godwin naye hajasimama, goti moja liko sakafuni.

Generoza yuko hatua tatu nyuma yao. Amesikia. Kamkabidhi mwanamke wa pembeni mkoba wake, anasogea. Sasa amefika. Kanyoosha mkono kwa Happy, sioni vizuri tena, mtu kaniziba—