Usingoje Karatasi, Ngalula

Ku pwani ya bahari, Ubelgiji
Mwisho wa mwezi wa munane

Muke yangu Ngalula,

Uko muzima? Mama yangu naye, mugongo yake inaendelea namna gani? Miye mwili iko muzuri, kikohozi cha baridi kilipona. Barua yako ilifika Jumatatu. Niliisoma mara tatu, ya ine nikashindwa. Unaandika kwamba vijana walipita mu avenue yetu ya Katuba, wakiuliza nyumba gani inalala bantu ya Kasai, na yaya Kabwe akasimama ku mulango akabaambia: humu hamuna muKasai, kuko tu muke ya mudogo yangu. Umushukuru yaya sana. Lakini uongo ya namna ile inasaidia mara moja tu.

Unauliza karatasi yako ya kuja huku inafika siku gani. Nitakujibu. Lakini kwanza nikuelezee, juu usikie kwa kinywa yangu, hapana kwa muntu mwingine.

Kazi yangu unaijua. Mu musée, ile nyumba ya kuonyesha nyama na ndege kule Lubumbashi, nilifundishwa kuchuna ndege, kutia pamba ndani, kufunga kakaratasi ku muguu na kuandika jina. Huku hawaue. Saa hizi joto ya kwao inamalizika, na ndege zinashuka ku bahari kwa maelfu, zinakimbilia kwetu. Tunazikamata na bukonde, sawa ule baba yangu alivulia samaki Kasenga, lakini nyuzi zake nyembamba kama nywele. Tunapima uzito, tunavalisha pete ndogo ya namba ku muguu, tunaachilia. Kukamata na kuachilia, kutwa nzima! Siku za kwanza nilicheka peke yangu.

Jumanne moja ikaonekana kandege kamoja mu majani ya matope, kadogo, na mistari ya njano ku kichwa. Ngalula, ungeona bazungu! Chef wetu, ule muzee wa ndevu nyekundu, alikimbia kama mutoto. Alisema hajaiona miaka mingi. Kesho yake bantu walijaa, na jumeli zao za kuona mbali ku shingo, wamelala tumbo mu mvua. Kandege kakajificha. Mama mumoja muzee alikuja na train kutoka mbali sana, alikala siku mbili, hakuona kitu.

Siku ya ine, asubui, nilienda kukagua bukonde peke yangu. Nikaikuta mule. Ni ile ile, mistari ya njano.

Mikono yangu ilifanya kazi yake. Kule kwetu, ndege ya bei ikipatikana, haitoke tena. Unatia vidole bibili chini ya mabawa, unakaza kifua polepole, roho inasimama, manyoya inabaki safi, hakuna damu. Chef wa Lubumbashi alikuwa anasema hakuna muntu wa kunipita ku ile. Nikakaza. Nikatembea nayo mpaka mbele ya bantu bote, nikafungua mukono, nikasema kwa sauti: «Patron, niliipata! Na manyoya haikuvunjika hata moja!»

Hakuna aliyecheka. Ule mama muzee aliangalia mukono yangu, akaanza kulia. Mwenzangu mumoja, kijana muzuri, akaninongoneza: sema uliikuta imekufa. Lakini nilikuwa nimeshajisifu mbele ya bote. Weye unanijua na hii kinywa yangu.

Hasira ilinipanda, sikufiche. Nilisema mu roho: kwetu bantu banafukuzwa mu nyumba zao, na hawa banalia kandege ka gramu kumi! Halafu nikaona uso ya chef, nikaelewa kitu nilichoua pale. Haya ilinishika. Na miye nililia, Ngalula, mbele yao.

Chef hakupiga kelele. Aliniomba niichune, juu ilikuwa imeshakufa. Nilifanya vizuri, akasema hajaona kazi safi namna ile. Kisha Jumamosi akaniita mu bureau yake. Wakubwa yake wanakataa kunibakisha. Kazi yangu inaisha pamoja na msimu ya ndege. Ile karatasi alisema atatia mukono, ya mwaka muzima na ya kukuleta weye hapa, hatatia tena. Nilimuambia habari ya Katuba, yote. Akasema, «Pole, Mwape. Mukono yangu imefungwa.» Nilimuamini.

Basi karatasi hakuna. Ni miye niliyekuambia ungoje, na ulingoja, na kwa sababu yangu ukamukatalia baba yako kwenda naye mu kambi. Unisamehe.

Sasa usikie vizuri. Usilale tena Katuba. Siku hii barua inafika, fuata baba yako na mama yako mu kambi, kule bantu ya Kasai wanalindwa na basoda wa ONU, bale wa kofia za bulu. Chukua blanketi mbili, sufuria, na ile koti yangu. Mashini ya kushona umuachie mama yangu. Baba yako ni mwalimu, anapenda kukumbusha bantu maneno yake. Atasema: nilikuambia, mutoto wa Kasenga atakuacha. Acha aseme. Usimujibu.

Na wakiweka bantu mu train ya kwenda Kasai, usiogope juu yangu. Nilimuomba chef anipe tikiti ya kurudi badala ya mushahara ya mwisho, na hapo alikubali. Barua inabebwa na mekanisien mumoja wa kwetu, fundi wa mashini, anarudi na avion, ile ndege ya chuma, Ijumaa. Miye nitakufuata, mu kambi ao Kasai, mbele ya mwezi wa kenda kuisha.

Umusalimie mama yangu, umuambie miye nakula vizuri. Umusalimie yaya Kabwe na bibi yake, na mama jirani anayetuuzia makaa ya kupikia. Baba yako na mama yako, uwape heshima yangu, hata kama hawaitake.

Mu kambi kutakuwa karani wa kuandika majina ya kila hema. Akikuuliza muko bangapi, usiseme uko peke yako. Umuambie: babili.

Ni miye bwana yako,
Mwape