Swali Nililomuuliza Baba Mbele ya Watu

Nyumbani, nyuma ya karakana
Tarehe 9 Agosti

Mpendwa kaka,

Pokea salamu zangu nyingi kuliko karatasi hii inavyoweza kubeba. Afya yako vipi, na kile kikohozi cha baridi ya huko kimekuachia? Sisi hatujambo, ila mama goti linamsumbua akipanda ngazi. Kitanda chako bado nakitandika kila Jumamosi. Mama huniuliza namtandikia nani, nami humwambia nalitandikia vumbi.

Nina jambo la kukueleza, na nisingependa ulisikie kwa mtu mwingine.

Unaijua bunduki ya baba, ile anayoimiliki kwa kibali tangu alipovamiwa enzi zake za lori. Jumanne moja mwezi wa sita alikuwa amelala mchana. Mama akaingia kwa mlango wa nyuma na beseni la nguo. Baba akazinduka, akamwelekezea mtutu. Mama akasema taratibu, "Baba watoto, ni mimi." Ilichukua muda kabla hajamtambua. Wakakubaliana yaishie humo humo ndani, nami nikafunga mdomo.

Wiki mbili baadaye ukaitishwa mkutano kwenye ukumbi wa shule kujadili sheria mpya: kila mwenye silaha apimwe na daktari kila mwaka. Kaka, laiti ungekuwepo. Mwenye duka la misumari alisimama akasema, "Visu vinaua, magari yanaua. Tuvipige marufuku navyo?" Watu wakapiga makofi, ilhali hakuna aliyetaja marufuku, tuliitwa kuzungumzia kupimwa. Mwalimu mmoja wa upande wa pili naye akasema anayeipinga sheria hiyo anataka watoto wafe. Makofi tena. Nikakumbuka ulivyokuwa ukiweka kijiko chini na kuuliza, "Hilo linatokana vipi na lile?" Siku hizi hakuna anayenibana hivyo mezani, na chakula kinaisha upesi.

Ndipo baba akasimama. "Nimekaa na bunduki miaka thelathini, haijamgusa mtu. Kwa hiyo haina hatari." Ukumbi mzima ukashangilia. Mama akainamia viatu vyake.

Sijui sauti niliipata wapi. Nikasema, "Baba, magari yanaua, ndiyo maana ulikuwa ukipimwa macho. Na ulipoambiwa macho yamechoka uliacha usukani, ingawa hukuwahi kumgonga mtu. Sasa hiyo miaka thelathini inatuambia nini kuhusu Jumanne ile mama alipoingia na nguo?"

Baba akachukua kofia yake, akatoka.

Siku nne nilimwekea chai, akaiacha ipoe. Niliona nimemvua nguo baba yangu hadharani, nikatamani uwe karibu, walau uniambie nimekosea wapi.

Siku ya tano asubuhi alinikuta nafunga viatu niende kiwandani. "Nisindikize kituoni," akasema. Bunduki alikuwa ameifunga kwenye blanketi. Polisi wa zamu akamuuliza kama kuna aliyemlazimisha kuisalimisha. Baba akajibu, "Hapana. Nimeulizwa swali, nikakosa jibu."

Sheria yenyewe bado wanaivuta huku na huku.

Tulirudi kwa miguu. Tulipofika pa kuvukia barabara alinishika mkono, akaniita kwa jina lako, akaniuliza nimefika lini. Nikamwambia nimefika leo. Alifurahi, kaka. Alifurahi njia nzima.

Usingoje likizo ndefu. Njoo hata kwa siku mbili, angali anakufahamu.

Shangazi mshonaji anakusalimu, na jirani yetu Kipara anasema umemsahau. Nisalimie wifi, na umbusu yule mtoto ambaye bado hatujambeba. Mungu akulinde uendako na akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Ni mimi mdogo wako akupendaye, anayejibu kwa jina lako.