Samaki wa Anselmi

Albertville, Ijumaa, 1963

Sangala wanne wakubwa, wametungwa kwa kamba moja! Wavuvi wamemupelekea Anselmi nyumbani kwake, na yeye njo ameshindwa kesi.

Mimi njo nilishinda. Mimi ni avoka, wakili wa duka lililouza ile taa ya pampu. Yeye ni avoka wa muvuvi ambaye ilimupasukia mukononi. Asubuhi nilimuambia jaji kwamba taa haina kosa, muvuvi alipiga pampu kupita kiasi. Jaji akakubali.

Kutoka tribinali, hakuna hata muntu mumoja aliyenisalimia. Anselmi, ambaye machozi yalimukatisha maneno mbele ya jaji, alisindikizwa mupaka kwake kama bwana arusi. Mama ya yule muvuvi alimushika mikono miwili: "Papa Anselmi, umetusemea. Mungu ameona."

Umetusemea! Mimi nilisema vizuri kuliko yeye, kila muntu alisikia.

Sasa harufu ya samaki wake inaruka ukuta na kuingia kwangu. Muke wangu anacheka: "Papa Leoni, wivu wa nini? Nenda umuombe kipande, ni jirani yako."

Ni wivu, ndiyo. Miaka yote hii ya kusema mbele ya majaji, na mimi hakuna aliyewahi kuniletea hata dagaa.

Patroni wa duka alinipa zawadi, taa mupya ya aina ile ile. Iko ndani ya kartoni, chini ya kitanda. Muke wangu ameuliza mara mbili kwa nini siiwashi.

Naandika kwa mushumaa.