Baiskeli ya Jamii Imepokelewa Kwetu kama Posa

Shangazi Matrida, shikamoo. Naomba unisaidie kabla sijafanya ujinga wa pili, maana wa kwanza nimeshaufanya na unatembea barabarani watu wanauona. Jina langu naomba usilitaje, mimi ni mtu wa heshima hapa mjini.

Mimi ni mwenyekiti wa ushirika wa baiskeli wa Cheni Moja, Nyasho, Musoma, ni ushirika ambao manispaa ilituunga mkono ikatupa baiskeli mpya za buluu zenye keria pana na kontena moja tuligeuze karakana, na baiskeli zenyewe wanazitumiaga zaidi akina mama wanaochukua samaki mwaloni Mwigobero, pale mitumbwi inaposhusha, kwenda kuuza Bweri, ambao zamani walikuwa wanabeba beseni kichwani au wanapanda bodaboda halafu faida yote inashuka na bodaboda, na sisi vijana ndio tunaziba pancha na kukaza spoku, basi mambo yakawa yanaenda vizuri mpaka watu wa Bunda wakaja kutuangalia, na sisi tukajifanya tumezoea kuangaliwa.

Kabla ya kukabidhiwa tuliwekwa semina na afisa maendeleo ya jamii, anaitwa Edwin. Semina ile shangazi ilikuwa ndefu, tulikunywa chai mpaka chai ikatuchoka, ila kuna kitu kimoja kilituingia kichwani kwa sababu alituimbisha kama watoto wa chekechea, yeye anauliza "Baiskeli ni ya nani?" sisi tunajibu "Si yangu, ni mali ya jamii!" Na kwenye fremu ya kila baiskeli waliandika hivyohivyo kwa rangi nyeupe, MALI YA JAMII. Akasema pia zisitoke nje ya mipaka ya manispaa, na hapo nilikuwa macho kabisa, nilisikia, siwezi kusingizia usingizi.

Sasa nina mchumba, Ryoba, ndiye fundi wetu mkuu, mtu mpole, anaongeaga na beringi kuliko anavyoongea na watu. Kwetu ni Butiama, unashuka Kiabakari unakata kwenda ndani, na huko ndani usafiri ni bodaboda tu, na baba mkubwa Yakobo alishatangaza kwamba mwanaume atakayekuja kuposa huku amekumbatia mgongo wa mwanaume mwenzake yeye hatamsikiliza. Basi nikamwambia Ryoba chukua baiskeli moja, si unarudi jioni, kwani mwenyekiti ni nani? Nikampa ile anayotumiaga mama Skolastika, mmoja wa wale akina mama wa samaki, kwa sababu matairi yake yalikuwa mazuri na siku yenyewe ilikuwa Jumapili.

Akafika kwetu anatiririka jasho, baiskeli akaiegemeza ukutani, akakaribishwa. Mimi nilikuwa jikoni kama inavyotakiwa, nachungulia kwa moshi. Wakaongea ya mvua, wakaongea ya ng'ombe, halafu baba mkubwa akanyoosha fimbo akauliza, "Kijana, na chombo hiki ni cha nani?"

Shangazi, Ryoba wangu akasimama wima, akavuta pumzi, akajibu kama yuko semina, "Si changu mzee, ni mali ya jamii!"

Baba mkubwa akavaa miwani, akainama kwenye fremu, akasoma kwa kidole herufi moja moja. "Na kimeandikwa kabisa! Mali ya jamii! Jamani, vijana wa siku hizi tunawasema bure, wengine wanakujaga na maneno tu, huyu amekuja na maandishi." Baba akasema, "Jamii ndiyo sisi." Baba mkubwa akasema, "Kwani kuna jamii nyingine imekaa hapa?" Mama akapiga vigelegele, akatoa khanga mpya akaifunga kwenye usukani, na kwetu kitu alichoingia nacho mposaji kikishafungwa khanga kimepokelewa, hakirudi, na kikirudi ujue na mwenyewe amerudishwa.

Na Ryoba anatabasamu! Nilipomuuliza baadaye akasema alidhani wanaishangilia manispaa.

Aliondoka Musoma na baiskeli akarudi na jogoo. Jogoo yuko karakana mpaka leo, analala juu ya pampu.

Nilidhani nitaenda kuichukua taratibu, lakini baba ameshaizoea, anaendea kanisani, anaendea mnadani, ameing'oa kengele akaweka honi, halafu akaenda nayo mpaka Bunda kwa mchoraji wa stendi akachorewa maneno kwenye ule mpira wa nyuma wa kuzuia tope, ASANTE MKWE, kwa rangi nyekundu, na kila aliyemuona amemuuliza mkwe gani, na kila aliyeuliza ameelezwa. Nikampigia mama nikamwambia kwa mbali kwamba ile baiskeli ina wenyewe, akanijibu, "Ukija kuchukua baiskeli njoo na sanduku kabisa, maana utakuwa umemrudisha mwanaume na mimi sina uso wa kwenda nao jumuiya ya kanisani."

Na sasa karakana inazinduliwa, Edwin amekuja kutuambia mgeni rasmi atakagua baiskeli zote zikiwa zimepangwa mstari mmoja, na ikikosekana hata moja kontena na baiskeli zote zinahamia kwa kikundi kingine ambacho kiko kwenye foleni kinatuombea mabaya. Tukakaa kikao. Brenda, katibu wetu, akasema tuseme ipo kwa fundi. Nikamuuliza, "Fundi ni nani?" Akafikiria, akasema, "Ni sisi." Silasi, fundi mwenzetu, akaleta wazo tuchukue lile li-Swala la babu yake, libaiskeli la zamani lililochakaa, tulipake buluu tuliweke mwisho wa mstari, mgeni rasmi hawezi kuinama. Wengi wamekubali. Ryoba amekonda. Mama Skolastika naye amerudia kubeba beseni kichwani mpaka Bweri ila halalamiki.

Shangazi nifanye nini, nikiichukua napoteza mume na wazazi, nikiiacha napoteza ushirika, na nikipaka rangi li-Swala nadhani naweza nikabaki na vyote. Nipe ruhusa nipake.

Mimi, Mwenyekiti, Nyasho.

SHANGAZI MATRIDA ANAJIBU

Mwenyekiti, marahaba. Umeniomba nisitaje jina lako na sijalitaja. Wewe umetaja kikundi, mtaa, mchumba, baba mkubwa, rangi ya baiskeli na mahali anapolala jogoo. Kilichobaki ni namba ya kiatu.

Nimecheka, sikufichi. Pale kwenye "wanaishangilia manispaa" nilishusha miwani nikafuta macho. Nikaendelea kusoma huku nacheka mpaka nikafika kwa mama Skolastika, nikaacha. Barua nzima umenieleza honi ya baba yako, mpira wa tope, kukonda kwa Ryoba, halafu mwanamke aliyenyang'anywa baiskeli umemwekea sentensi moja mwishoni, na hata hiyo umeimalizia na "ila halalamiki." Unajua kwa nini halalamiki? Kwa sababu wa kulalamikiwa ni mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye aliyeigawa.

Baba yako mkubwa usimlaumu. Amesoma kilichoandikwa. Mjini jamii ni watu ambao hujawahi kula nao, afisa ndiye anayewajua. Butiama jamii ni watu wanaojua kitovu chako kilizikwa wapi. Ndugu Edwin aliwaimbisha neno asiwaambie mipaka yake, akadhani linaishia pale inapoishia manispaa. Ryoba naye simlaumu sana, alijibu mtihani alioufundishwa, shida alikuwa amekosea chumba cha mtihani.

Ninayemlaumu anachungulia kwa moshi. Umejua kuongoza kikao cha watu wazima, umejua kumjibu afisa, umejua kujifanya umezoea mbele ya watu wa Bunda, lakini siku neno moja lilipohitajika ukageuka kuwa binti wa jikoni. Kama ulishindwa kusimama mbele ya wazee, ulikuwa na mama yako hatua chache anatafuta khanga. Ungemvuta gauni tu. Ulinyamaza kwa sababu vigelegele vilikuwa vitamu. Kubali, vilikuwa vitamu. Hata mimi ningevisikiliza kidogo, lakini ningesema kabla fundo halijakazwa.

Sasa ruhusa unayoitaka. Hupati. Li-Swala la babu yake Silasi liacheni lizeeke kwa amani. Mgeni rasmi hataki kuinama, kweli, lakini Edwin anainama, ndiyo kazi yake. Na akina mama wa mwaloni watakaokuwa wamesimama pale wanazijua baiskeli zao kama wanavyojua watoto wao. Unataka Skolastika asimame apigie makofi li-Swala lililopakwa buluu huku shingo inamuuma?

Halafu unasema una mambo mawili tu, kuichukua au kuiacha. Binti yangu, wewe si wa kwanza kukwama kwenye posa, lakini umekwama vibaya kwa sababu unaifikiria baiskeli tu, lile neno umelisahau. Wazee wamesema baiskeli ni ya jamii na jamii ndiyo wao. Vizuri sana. Washikilie hapohapo.

Kwanza nenda kwa Edwin, leo, kabla ya Silasi kununua rangi. Mwambie yote, mpaka jogoo. Atakasirika, atasema "nilisema zisitoke nje ya mipaka," nawe utasema ndiyo, ulisema. Usiongeze neno. Mwombe jambo moja, kiti cha mstari wa mbele siku ya uzinduzi kwa mzee kutoka Butiama. Afisa akiombwa kiti badala ya pesa anapataga faraja.

Pili panda gari na Ryoba mwende Kiabakari, na mama Skolastika mwende naye, kwa nauli yako. Huko ndani pandeni bodaboda, na kama baba mkubwa atauliza kwa nini Ryoba amekumbatia mgongo wa mwanaume, Ryoba amjibu, "Kwa sababu baiskeli mnayo nyinyi." Sentensi hiyo aifanyie mazoezi njiani, si kwa beringi, kwa sauti. Mkifika usiingie jikoni. Kaa pale wanapokaa wazee. Mwache mama Skolastika aseme mwenyewe anatoka mwaloni na nini, anafika Bweri saa ngapi, na samaki wanakuwaje kwa jua lile. Baba yako ni mtu wa kanisani, atasikia. Hakuna muumini anayefurahi kujua kwamba honi yake inapigwa juu ya kichwa cha mjane wa watu.

Mwanangu, samahani, mjane nimeongeza mimi, wewe hukuandika. Ona sasa, hata hilo hujui. Kamuulize.

Halafu usiseme "tumekuja kuichukua." Useme, "Jamii ya mjini inazindua karakana yake na inawaita jamii ya Butiama mje na baiskeli yenu tusimame pamoja." Baba yako aje nayo mwenyewe, akiiendesha, na khanga ya mama yako kwenye usukani. Akifika, amkabidhi Skolastika mbele ya mgeni rasmi. Kitu kilichorudishwa kwa siri ni aibu, lakini kitu alichokileta mzee mwenyewe akapigiwa makofi, mama yako atakisimulia jumuiya mpaka wamwombe apumzike. Kama baba atakataa, basi itakubidi useme wazi mbele yake kwamba ulitoa kisicho chako, na akasirike. Hasira ya baba huwa inapoa. Ushirika ukienda kwa wale wa kwenye foleni haurudi.

Ryoba naye ana deni la posa. Ni fundi mkuu, si ndiyo? Akusanye vyuma chakavu vyake mwenyewe, vya kwake, si vya kontena, amuundie mkwewe baiskeli kwa mikono yake. Asiiandike neno lolote.

Jogoo apewe Skolastika leo jioni. Yeye ndiye aliyelipia.

Na kuanzia kesho asubuhi mpaka siku ya uzinduzi, beseni lake la samaki unabeba wewe, kichwani, Mwigobero mpaka Bweri, kwa miguu, umevaa vile mwenyekiti anavyovaaga. Hili silijadili. Ukifika Bweri shingo itakueleza jamii ni nini, na itakueleza kwa muda mfupi kuliko Edwin.

Mwisho, baba akishakabidhi, honi mnaweza kumwachia, lakini ule mpira wa tope msiung'oe. Mwacheni mama Skolastika akatize nao mjini, ASANTE MKWE nyuma kwa rangi nyekundu. Watu wakimuuliza mkwe gani, aseme manispaa. Tangu lini mkwe akakupa kitu halafu akaacha kuja kukikagua?