Mahali pa Kula Tucson

Seattle, 8 Oktoba

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai mguu wako umepoa na kuku hawajakumaliza. Mimi mzima, ila huku mvua haijui kuaga.

Nina ombi. Kuna rafiki yangu wa kazini anataka kuja Tucson kuota jua. Nielekeze ale wapi na atembelee wapi, maana nimeondoka miaka sita, na sijui kilichobaki.

Ni mimi mwanao,
Anselmo

Tucson, 17 Oktoba

Mwanangu Anselmo,

Marahaba. Mguu ni ule ule. Tangu marehemu baba yako atuache, huu ni mwaka wa pili, na paa bado linanuka nyama yake ya kukausha.

Ombi lako limenichanganya. Tangu lini mtu wa kwetu akaulizia mkahawa ilhali jiko la mama yake linawaka? Haya, mwambie huyo rafiki aende kwenye mkokoteni wa Chuy, Mtaa wa Sita, ale soseji iliyoviringishiwa nyama ya nguruwe, yenye maharage na pilipili juu. Jumapili aende kanisani, misheni ya San Xavier, wanawake wa pale wanakaanga mkate uani. Akitaka kuona madungusi makubwa apande mlima magharibi, lakini asubuhi, asije akakauka kama nyama yetu. Halafu aje kwangu. Rafiki yako hawezi kupita mlango wangu na njaa.

Mimi natayarisha meza ya baba yako kwa Siku ya Marehemu, maana usiku huo wafu wetu hurudi kula.

Mama yako,
Refugio

Tucson, 10 Novemba

Anselmo mwanangu,

Hujambo? Mimi sijui kama sijambo. Kichwa kinaniuma kwa mambo ninayosikia.

Bi Chayo, yule jirani wa mlango wa bluu, anasema alikuona misheni unakula mkate wa asali. Nikamwambia macho yake yamezeeka. Kesho yake nikamkuta Chuy, akaniambia: "Mama, kijana wako alikula soseji mbili huku machozi yanamtoka. Nikadhani ni pilipili, kumbe hakuweka pilipili."

Sasa nielewe nini? Rafiki yako ana sura yako? Au ulikuja mjini ukala kwa watu kama mtalii, na mimi nimekaa hapa na sufuria ya maharage? Nimekukosea nini? Niambie tu, nijue.

Mama yako

Seattle, 21 Novemba

Mama,

Shikamoo. Afya ipo, moyo ndio haupo.

Hakukuwa na rafiki. Nilitaka kukushtukiza. Nilifika jioni ya Siku ya Marehemu, nikapitia uani kama zamani, nikachungulia dirishani. Nikaona mishumaa, maua ya manjano, bia ya Baba, nyama yake kwenye sahani. Na kando ya picha yake nikaona yangu.

Mama, kwetu picha ya mtu aliye hai haiwekwi kwenye meza ya marehemu. Hata mtoto anajua.

Nikakumbuka siku nilipokataa kazi yake ya kukausha nyama, Baba alivyosimama mlangoni: "Ukitoka hapa, kwangu umekufa." Na alipofariki nilikuwa baharini na meli ya samaki, wakamzika bila mimi. Nikasema basi, na Mama naye amekubali kuwa nimekufa. Nikageuka. Nikala kote ulikonielekeza, maana sikujua aliyekufa anatakiwa ale wapi.

Sielewi, Mama. Ulimaanisha nini?

Anselmo

Tucson, 2 Desemba

Wewe mtoto,

Salamu baadaye. Nimesoma barua yako nikacheka, nikalia, kisha nikakasirika, na mpaka sasa sijui niko wapi kati ya hayo matatu.

Najua haiwekwi. Bi Chayo alinigombeza kutwa nzima kwamba nakuitia mauti. Lakini sikiliza. Baba yako alisema umekufa, kweli. Tangu siku hiyo kila mleta barua akipita alikuwa anatoka nje, eti ananyoosha mgongo. Mgongo gani? Alikuwa hana hata maumivu ya jino. Akirudi mikono mitupu anapanda kwenye paa na nyama zake. Akafa hivyo, kiburi kimemkaba.

Mwaka jana ukanitumia ile picha ya ndevu. Yeye hajawahi kukuona na ndevu. Basi nikasema usiku wa Siku ya Marehemu akija kula, nimwonyeshe: huyu hapa, bwana, hajafa, tena amenenepa. Nilikuwa namsuta marehemu, mwanangu. Sikuwa nakuzika wewe.

Picha nimeiondoa. Iko jikoni, karibu na chumvi. Ungebisha hodi tu.

Mama yako,
aliyekuzaa na bado hajachoka

Tucson, 23 Desemba

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima. Karatasi hii anakuletea Chuy mwenyewe, ameacha mkokoteni wake mikononi mwangu na wateja wananiangalia vibaya.

Nilifika mchana. Nimepita mtaani kwetu mara mbili, na mara zote miguu ikapita mlango wako bila kusimama. Naona haya, sijui niingie nikisema nini. Chuy ananisukumia soseji tangu nifike, nami nakataa.

Mwambie Chuy kama nije.

Sijala, Mama.

Mwanao