Mikono Mitupu Alfajiri

Mama, shikamoo kutoka Uskoti, kwenye baridi ya kuuma meno.

Leo alfajiri nimepandishwa kilima na bibi jirani, rika lako kabisa. Ukungu unalowesha kama wa kwetu, kondoo wanatutazama, na yeye anakwea tu, mashavu mekundu, mikono mitupu! Hana hata mzigo wa majani ya ng'ombe. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akacheka: "Siendi popote, natembea."

Nikakuwaza wewe na presha yako. Daktari kasema utembee, unakataa, eti watu wa Masama wakikuona njiani huna mzigo watauliza umefiwa na nani.

Nikirudi tutatembea wote, mama yangu. Wakiuliza msiba uko wapi, tuwaambie ndio huo tunaukimbia.

Mwanao akupendaye,
Ndeshi