Mtumishi wa Tendo la Kwanza

Jumatatu, 5 Machi 1934
Mazoezi, ukumbi wa kanisa. Mvua. Mhariri wangu anataka habari ya mchezo kabla haujachezwa, kwa hiyo nimekubali kukaa pembeni mwa jukwaa na kitabu cha mchezo, nimnong'onezee anayesahau maneno. Wote wanasahau.

Mchezo wa zamani. Paa la nyumba za kupanga limeanguka. Mwenye nyumba yuko mezani na familia yake, na kila mmoja ana sababu kwa nini kosa si lake. Mtumishi anayeleta supu ana mama yake chini ya paa lile. Mwishoni mwenye nyumba analia. Bwana Illingworth, tajiri wa kiwanda cha mablanketi, ndiye mwenye nyumba. Analia vizuri. Analia hata pasipoandikwa alie.

Binti yake Winifred ni binti wa mezani. Nora Crabtree, mfumaji, ndiye mtumishi. Seth Haigh, nyapara wa Nora kiwandani, ni wakili wa wapangaji. Ana sauti. Akiuliza, "Dhamiri yako iko wapi, bwana?" madirisha yanatetemeka. Kisha humwomba Bwana Illingworth radhi.

Alhamisi, 8 Machi
Bibi Illingworth, anayesimamia mchezo, alimwita Nora aje kupima aproni kabla king'ora cha kufunga hakijalia. Nora akazima mtambo wake wa kufumia, akaja. Aproni ndogo.

Ijumaa, 9 Machi
Nora kaachishwa kazi. Kosa: kuacha mtambo bila ruhusa. Haigh alimwambia asubuhi, mbele ya wenzake.

Nikamwuliza Haigh. Kasema sheria ni ya tajiri, yeye ni mdomo tu. Nikaenda kwa Illingworth. Yeye haingilii kazi ya nyapara — ukimwingilia leo, kesho atakuuliza afunge vipi viatu. Bibi Illingworth: yeye alisema aje mapema, hakusema aache kazi. Wote watatu wanamwonea Nora huruma sana. Mhariri hatachapisha. Tangazo la mablanketi liko ukurasa wa kwanza.

Nikapita kwa Nora. Anakaa na mama yake, nyumba ya kiwanda. Kazi ikiisha, nyumba inafuata. Alikuwa anapiga pasi. Nikamwuliza anajisikiaje.

"Kaka Ramsden, unauliza kwa ajili ya gazeti au kwa ajili yako?"

Gazeti, nikasema.

"Basi andika kwamba aproni ilinibana."

Jumatatu, 12 Machi
Balaa jipya. Chama cha maigizo ni cha kiwanda, na kanuni yake imetundikwa ukutani tangu enzi za marehemu baba wa Illingworth: asiye mtu wa kiwanda hapandi jukwaani. Kwa hiyo Nora hawezi kucheza. Na mchezo ni Jumamosi, tikiti zimekwisha.

Wametafuta mtumishi mwingine. Mke wa karani mkuu ana goti bovu. Winifred yuko tayari kucheza mwizi, mwendawazimu, hata maiti, lakini si kubeba supu mbele ya wafumaji wa baba yake. Wakamwendea mke wa Haigh. Alisema kazi hiyo aliifanya kweli kabla hajaolewa, na hakuolewa na nyapara ili airudie bure.

Alhamisi, 15 Machi
Kamati imekaa kwa akina Illingworth. Chai, nyama baridi, vitunguu vya siki. Ufumbuzi umepatikana: Nora arudishwe kazini mpaka Jumamosi usiku. Nani amrudishe? Haigh: aliyemwachisha, na si yeye. Illingworth: hawezi kumrudisha mtu ambaye hakumwachisha.

"Wilfred," mkewe akauliza, "isije ikawa alijiachisha mwenyewe?"

Illingworth alifikiri. Akasema inawezekana.

Nimetumwa mimi. Nora alinisikiliza huku akimlisha mama yake uji.

"Mpaka Jumamosi. Na Jumatatu je?"

Hilo sikutumwa, nikasema.

"Nitakuja. Ila waambie nataka jambo moja. Mmoja wao aseme, ni mimi. Yeyote. Mtu akikufukuza, unajua mlango wa kwenda kubisha. Mimi nibishe wapi?"

"Na useme upesi," mama yake akaongeza. "Nyumba hii ina baridi, lakini nje kuna zaidi."

Nikarudi, nikayafikisha. Illingworth alisema ni ombi la haki, akamtazama Haigh. Haigh akasema la haki kabisa, akamtazama Bibi. Bibi akamimina chai.

Jumamosi, 17 Machi
Naandika hapa hapa pembeni mwa jukwaa, goti ndilo meza. Ukumbi umejaa. Wakubwa mbele, wafumaji juu kwenye roshani. Kanuni ya ukutani imefunikwa kwa bendera.

Nora amekuja. Kavaa aproni, kashika bakuli la supu. Tendo la kwanza limeanza. Illingworth, mezani, amepiga kengele ya kumwita mtumishi.

Nora hatoki. Kasimama kando yangu. Haigh yupo pia, anangoja zamu yake.

"Nenda, dada, unaitwa," Haigh amenong'ona.

"Na nani?"

"Na tajiri."

"Wa mchezo au wa kiwanda?"

"Nora, nakusihi."

"Ni wewe uliyeniachisha?"

"Nimeshasema, mimi ni mdomo tu."

"Basi mdomo ungoje."

Kengele ya pili. Mezani wanakula hewa kwa adabu. Winifred katunga maneno yake mwenyewe: "Leo mtumishi amechelewa, baba."

Sauti kutoka roshani: "Kaachishwa huyo, binti!"

Kicheko. Juu kwanza, kisha hata mbele. Mchungaji anakohoa ndani ya kofia.

Illingworth ananitazama nimpe maneno. Nimeangalia kitabu. Hakuna maneno — mahali hapa mtumishi huingia tu. Nimemwonyesha viganja vitupu.

Kengele tena. Supu inapoa.

"Unaweza kukaa chini," nimemwambia Nora.

"Nimezoea kusimama. Na sina haraka, sina kazi."

Roshani imenyamaza. Kimya hiki ni kibaya zaidi kuliko kicheko. Illingworth ameweka kengele mezani, amejifuta mdomo ingawa hajala kitu. Anasimama. Kitabu kinasema akae. Haigh amerudi nyuma, kanikanyaga, hata hajaomba radhi.

Illingworth hakuja huku. Amekwenda mbele kabisa, kwenye taa, ameinua uso kuitazama roshani.

"Mimi," amesema.

Amegeuza shingo, ananitazama tena, anangoja nimpe neno linalofuata. Nora ameweka bakuli chini. Kitabu kiko wazi mapajani mwangu, na neno hilo halimo.